Miguu ya Mbung'o

Kumtofautisha mbung'o na nzi wa kawaida si kazi: akitua hulaza mbawa mgongoni, moja juu ya nyingine, kama mkasi uliofungwa. Kazi ni kumtofautisha mbung'o na mbung'o mwenzake. Mwaka 1903 Mwingereza Ernest Austen alimpa jina Glossina pallidipes yule ambaye ncha za miguu yake ya mbele na ya kati ni za manjano tupu. Za Glossina morsitans zina weusi. Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o Tanganyika hadi alipofariki mwaka 1938, alishikilia kwamba pori anamoishi mbung'o lifyekwe kwa kuchagua, kulingana na aina ya nzi.

Mfugaji wa Masasi angeuliza: ng'ombe akishaumwa, jina la nzi la nini? Swali la haki, na wenyeji walijua mapori ya hatari bila darubini. Ila morsitans huishi kwenye miombo, kama ile ya Masasi. Pallidipes hupenda vichaka vizito, vya namna inayoonekana Newala, kwenye uwanda wa juu. Ukikosea mguu, unafyeka pori lisilo lake, naye anaendelea kunyonya damu ng'ambo ya pili.