Kwaya za Sauti Nne katika Uchagga: Asili na Mageuzi Yake

Katika miteremko ya Kilimanjaro, tangu Machame upande wa magharibi mpaka Rombo upande wa mashariki, ni vigumu kupata kanisa lisilo na kwaya yake, na makanisa mengine yana kwaya tatu au nne. Waimbaji wake si watu wa kazi hiyo. Ni wakulima wa kahawa na migomba, waalimu, wauguzi, makarani na wenye maduka, wanaume kwa wanawake, ambao hukutana jioni, hujifunza nyimbo, kisha kila mmoja hurudi kihambani kwake pasipo ujira. Jambo hili limezoeleka hata likaonekana kana kwamba limekuwako siku zote. Walakini kwaya ya sauti nne ilikuwa jambo geni katika Uchagga, na ugeni wake mkubwa haukuwa katika nyimbo za Kizungu, kama wengi wadhanivyo, bali katika kuwasimamisha pamoja watu ambao desturi, lugha na hata sheria ya kanisa viliwatenga.

Kuimba kwenyewe hakukuletwa na mtu. Kabla ya wamisionari kufika, elimu kubwa ya Mchagga ilipitishwa kwa nyimbo. Kijana alipofundishwa mambo ya utu uzima, mwalimu wake alishika mregho, yaani fimbo iliyochongwa alama, na alama zile zilikuwa na mafundisho yake yaliyoimbwa. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kijerumani aliyekaa miaka mingi Old Moshi, aliyakusanya mafundisho hayo katika majuzuu matatu yaliyotolewa kati ya mwaka 1932 na 1938. Naye Otto Raum aliyagusa tena katika kitabu chake cha mwaka 1940 juu ya malezi ya watoto wa Kichagga. Katika kurasa hizo yaonekana wazi kwamba wavulana walikuwa na mafundisho yao na wasichana walikuwa na yao. Wimbo ulikuwa mlango, na kila mlango ulikuwa na watu wake.

Misheni zilifika karibu kwa wakati mmoja. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, kisha Kibosho mwaka 1893. Mwaka huo huo wa 1893 Walutheri wa Leipzig walifika Machame, wakaendelea Mamba mwaka 1894 na Old Moshi mwaka 1896. Hawa wa Leipzig walitoka katika nchi ambayo kwayo mkutano mzima huimba, wake kwa waume, na mji wao ulikuwa mji wa Johann Sebastian Bach. Haikuwa ajabu basi kwamba shule zao zilifundisha kuimba sambamba na kusoma. Wala hawakuleta sauti za vinywa tu. Matarumbeta ya shaba, ambayo Walutheri wa Ujerumani huyapuliza kwa sauti nne kama kwaya, yalipata makao mlimani, na mpaka leo husikika katika sikukuu na maziko.

Aliyeijenga kwaya hasa, hata hivyo, hakuwa mmisionari bali mwalimu wa shule. Chuo cha Marangu kilianza kuwafundisha waalimu mwaka 1912, na kila aliyerudi kijijini alirudi na mambo mawili: chaki na wimbo. Wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa nchini mwaka 1920 baada ya vita, sharika zilibaki mikononi mwa waalimu hao. Ndipo desturi ikakaa kwamba mwalimu wa watoto mchana ndiye mwalimu wa kwaya jioni. Baadaye wengi walitumia alama za sol-fa, zile herufi zilizoenezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19. Kwa herufi hizo mtu asiye na kinanda, akiwa na ubao na chaki tu, aliweza kuwafundisha wakulima sauti nne kwa kuwapanga makundi manne, kila kundi likirudia mstari wake mpaka ukae kichwani.

Sauti nne zilikuwa na sharti lake. Mbili za juu ni za wanawake au watoto, mbili za chini ni za wanaume. Pasipo wote hao wimbo una pengo. Kwa Wakatoliki sharti hilo liligongana na sheria. Papa Pius wa Kumi, katika agizo lake la mwaka 1903 juu ya muziki wa kanisa, alisema waimbaji wa kwaya wanatimiza huduma ya ibada, kwa hiyo wanawake wasiwemo, na sauti za juu ziimbwe na wavulana. Mwaka 1955 Papa Pius wa Kumi na Mbili alilegeza, akaruhusu wanawake waimbe nje ya mahali pa altare palipokosekana kwaya ya wavulana. Agizo la mwaka 1967, lililofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ndilo lililotamka waziwazi kwamba kwaya yaweza kuwa ya wanaume na wanawake pamoja. Mama anayesimama leo mbele ya kanisa la Kilema akiimba sauti ya kwanza anasimama mahali ambapo nyanya yake, kwa sheria iliyoandikwa, hakuruhusiwa. Mambo haya yafaa kukumbukwa na wale wasemao kwamba mila ya Kiafrika peke yake ndiyo iliyowatenga wanawake.

Jambo la pili lililotenganisha watu lilikuwa lugha, na hapa ndipo penye mengi. Kichagga si lugha moja. Mtu wa Machame na mtu wa Rombo wakisema kila mmoja kwa lugha ya nyumbani hawaelewani kwa urahisi. Wamisionari wa Leipzig, na Gutmann kuliko wote, walipenda kuhubiri kwa lugha ya kienyeji, nao waliandika kwa lugha ya Moshi na kwa lugha ya Machame. Kiswahili walikitilia shaka, wakikiona ni lugha ya pwani na ya serikali. Lakini reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na mji mpya ukakua bondeni, ukakusanya Wapare, Wasambaa, Wachagga wa kila upande na watu wa mbali zaidi. Kwaya ya mji wa namna hiyo ingeimba kwa lugha gani? Kiswahili kilipanda mlima kwa njia nyingi, kwa shule, kwa ushirika wa kahawa na kwa baraza. Mojawapo ya njia hizo, ambayo haitajwi sana, ni vitabu vya nyimbo.

Huko kupanda kulikuwa na gharama. Katika Kichagga, kama katika lugha nyingi za Kibantu, kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Ukilitia neno katika sauti ya wimbo uliotungwa Ujerumani, waweza kulivunja. Kiswahili hakina tatizo hilo, lakini kina jingine. Mkazo wake hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, hali mistari mingi ya nyimbo za Kijerumani huishia katika silabi yenye mkazo. Basi mfasiri alipoweka neno “mlima” mwishoni mwa mstari, waimbaji walilazimika kulitamka kana kwamba uzito uko katika “ma”. Mwenye kujua tofauti ya “barabara” ipitwayo na magari na “barabara” yenye maana ya sawasawa atafahamu jinsi kuhamisha mkazo kunavyoweza kuharibu maana. Waimbaji wa Kilimanjaro walizoea, na mazoea hayo yalikuwa na nguvu hata wazee wengine wakaona wimbo wenye mkazo sahihi kuwa haufai kanisani.

Mageuzi yalianza katika miaka ya 1960. Padre Stephen Mbunga alitoa mwaka 1963 kitabu chake juu ya sheria ya kanisa na muziki wa Kibantu. Katika chuo cha Walutheri cha Makumira, kilicho chini ya mlima Meru jirani na Kilimanjaro, Howard Olson alikusanya nyimbo zenye sauti za kienyeji, zikatolewa mwaka 1968 katika kitabu kiitwacho “Tumshangilie Mungu”. Mwanafunzi mmoja wa Makumira, Bernard Kyamanywa, alitunga mwaka 1966 wimbo wa Pasaka “Mfurahini, Haleluya”, ambao leo huimbwa Ulaya na Marekani. Katika nyimbo za namna hii mmoja huanza na wengine hupokea, kama ilivyokuwa zamani. Tofauti ni kwamba wanaopokea ni wanaume na wanawake pamoja.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno “kwaya” lilitoka nje ya kanisa. Shule, majeshi na viwanda vilikuwa na kwaya zao, zikiimba siasa ya ujamaa kwa mistari iliyopangwa vile vile. Kisha vikaja vinanda vya umeme na magitaa, halafu kanda, halafu picha za video. Kwaya nyingi zimepata umaarufu kwa vyombo hivyo, lakini sauti ya tatu mara nyingi humezwa na ngurumo ya gitaa la besi, na mwimbaji asiyeisikia sauti yake huihama pasipo kujua.

Kila mwezi wa Desemba Wachagga waliotawanyika mijini hurudi nyumbani kwa Krismasi. Siku hizo kwaya za mlimani huongezeka watu ghafula. Mtu aliyekaa Dar es Salaam mwaka mzima husimama mahali pake pa zamani kati ya wenye besi, hali hakuhudhuria zoezi hata moja, na mwalimu humtazama kwa mashaka mpaka ubeti wa kwanza uishe.