Karatu na Majina Yaliyokatwa

Waandishi wa habari wakija Karatu wakati wa uchaguzi huandika maneno yale yale: ngome ya upinzani. Wakishamaliza hupanda gari kwenda kuangalia wanyama Ngorongoro. Mimi nimefundisha shule za msingi za wilaya hii mpaka nikastaafu, na zaidi ya mara moja nimekaa nyuma ya meza ya kituo nikichovya vidole vya watu kwenye wino. Ninavyowajua watu wangu, Wairaqw wa mashamba ya ngano na walima vitunguu wa Mang'ola, upinzani hawana hamu nao hata kidogo. Wanachokataa ni kuchaguliwa mtu, halafu waambiwe wamemchagua wao.

Tabia hiyo imeanza kabla ya vyama vingi. Agosti 1960, Karatu ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Mbulu, Tanganyika ilifanya uchaguzi wa kuelekea uhuru. Viti vilikuwa 71, na katika 58 wagombea wa TANU walipita bila kupingwa. Kura zilipigwa kwenye viti 13 tu, na TANU ikakosa kimoja: Mbulu. Mgombea rasmi alikuwa Chifu Amri Dodo, mwenye uchifu mkononi na baraka za makao makuu. Herman Sarwatt, naye mwana-TANU, akasimama bila chama na akamshinda. Nchi nzima hakutokea mwingine aliyeishinda TANU.

Tena si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura mwaka ule. Ilibidi ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au uwe na kipato cha pauni 75 kwa mwaka, au uwe na wadhifa fulani. Kwa hiyo waliomwangusha chifu bila shaka wengi wao walikuwa makarani, walimu na wakulima wenye uwezo, watu ambao chama kilijua kinao tayari. Na Sarwatt hakwenda kuanzisha upinzani. Alikuwa mwana-TANU, akabaki mwana-TANU.

Mwaka 1965 ukaja uchaguzi wa chama kimoja, wagombea wawili karibu kila jimbo, mmoja jembe na mwingine nyumba. Watu wakautumia vizuri. Hata Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa kule Mwanza. Lakini njia aliyopita Sarwatt ilifungwa, na vyama vingi viliporudi mwaka 1992 haikufunguliwa. Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda mahakamani kudai mgombea binafsi, Mahakama Kuu ikampa haki mwaka 1994, na Bunge likabadilisha Katiba kuuzima ushindi huo.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Karatu. Dk. Willibrod Slaa, padri wa zamani aliyewahi kuwa katibu mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, aliongoza kura za maoni za CCM. Vikao vya juu vikakata jina lake. Angekuwa Sarwatt, angesimama peke yake. Kwa sheria ya 1995 ilimlazimu atafute chama cha kumdhamini, akaenda Chadema, chama cha Edwin Mtei kilichokuwa na umri wa miaka mitatu na ambacho mwaka huo hakikuwa hata na mgombea urais. Akashinda. Chadema ilipata majimbo matatu nchi nzima, na moja likawa letu.

Usiku ule tulihesabu kura darasani kwa taa ya chemli, karatasi tukizipanga juu ya madawati, mawakala wakituinamia mpaka kivuli chao kikafunika meza. Kwa urais marundo yalisambaa, hili la Mkapa, lile la Mrema. Kwa ubunge rundo moja lilipanda mpaka likaanza kuteleza, ikabidi tulikate mara mbili. Wakala mmoja aliomba lihesabiwe upya. Tukahesabu upya.

Wapo wanaosema ilikuwa kura ya Kanisa Katoliki. Sikubali. Slaa alipoacha jimbo mwaka 2010 ili agombee urais, ambako alipata zaidi ya robo ya kura zote, Karatu ilimchagua Mchungaji Israel Natse wa Chadema, mtu wa kanisa jingine. Wakati huo chama kilikuwa kimeshaota mizizi kwa madiwani, na ugomvi wa maji ya bomba ulimfanya hata bibi wa Endabash ajue diwani wake ni wa chama gani.

Kisha 2015. CCM ilikata jina la Edward Lowassa, jirani yetu wa Monduli, kwenye mbio za urais, naye akahamia Chadema, njia ile ile ya Slaa miaka ishirini nyuma. Slaa hakumtaka, akakiacha chama. Nilitegemea Karatu imfuate Slaa. Haikumfuata, ikapeleka tena mbunge wa Chadema, na hapo nadharia yangu inachechemea, maana safari hii watu walishikilia chama na kumwacha mtu.

Mwaka 2020 jimbo likaenda CCM, katika uchaguzi ambao wapinzani waliukataa nchi nzima, na mwaka 2025 Chadema haikuwepo kwenye karatasi ya kura. Mgombea binafsi naye hakuwepo, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko hapo Arusha, ilishaamua tangu 2013 kwamba Mtikila alikuwa na haki.