Mgao wa Anwani

Tatizo la mtandao linafanana na ugomvi wa mpaka wa shamba: ukitaka kulielewa, uliza nani aligawa, lini, na nani hakuwepo siku ya mgao. Hilo nimejifunza nikiwa Kinyangiri, wilayani Mkalama, mbele ya laptopu moja ya mtumba na simu inayogawa intaneti ya bando.

Ndani ya laptopu hiyo kuna maabara yangu: mashine pepe mbili, yaani kompyuta zinazoishi kama programu ndani ya kompyuta nyingine. Wazo ni la zamani. IBM walilifanyia kazi Cambridge, Massachusetts, katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 wakalitangaza kwa jina la VM/370, ili watu wengi watumie mashine moja ya bei kubwa. Hata mimi sina uwezo wa kununua tatu. Mashine ya kwanza ni ya kujifunzia. Ya pili ni seva yenye hadithi za bibi, nilizomrekodi akisimulia kwa Kinyiramba. Nilitaka wadogo zangu walioko Dar es Salaam wazisikilize moja kwa moja kutoka hapa nyumbani.

Hazikuwafikia.

Kutafuta tatizo la mtandao ni kuita na kusubiri jibu, hatua kwa hatua. Programu ya kuitia ni ping. Mike Muuss aliiandika Desemba 1983 katika maabara ya jeshi la Marekani, akihangaika na mtandao uliokuwa ukimsumbua, na jina akalichukua kwenye mlio wa sona, chombo kinachosikiliza mwangwi chini ya maji. Niliita kutoka mashine pepe moja hadi nyingine: jibu. Kutoka laptopu hadi simu: jibu. Kutoka mashine pepe hadi simu: kimya.

Mashine zangu zilikuwa zimeunganishwa kwa mtindo wa daraja, ambapo kila moja hujitambulisha kwa namba yake, kana kwamba ina kadi yake ya mtandao. Kwenye waya wa Ethernet, uliobuniwa Xerox mwaka 1973, hilo halina shida. Kanuni za Wi-Fi za mwaka 1997 zina utaratibu mwingine: kifaa hujisajili kwanza kwa mgawaji, na mgawaji hupokea data za aliyesajiliwa tu. Simu iliitambua laptopu, lakini si mashine zilizokuja nyuma yake, kama konda aliyekata tiketi moja akakuta watu watatu kwenye kiti.

Dawa ni kuhamia mtindo wa NAT, ambapo laptopu husema kwa niaba ya wote walio ndani yake. Nikabadili, nikaita tena. Simu ikajibu, na seva za Ulaya zikajibu. Lakini mdogo wangu alipojaribu kufungua hadithi kutoka Dar es Salaam, hakupata kitu. Tuliweza kutoka; kuingia kukabaki palepale.

Nikatazama anwani ambayo simu yenyewe ilikuwa imepewa. Ilianza na 100.72. Anwani kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa Aprili 2012 kwa ajili ya kampuni za mawasiliano zinazowapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya hadharani. Kumbe NAT ya laptopu ilikuwa ndani ya NAT ya simu, nayo ndani ya NAT ya kampuni. Ombi linalotoka huacha alama ya kurudia. Ombi linaloanzia nje hufika mlangoni likiwa halina wa kumuulizia.

Hapo ndipo habari ya mgao inapoingia. Mei 1974 Vint Cerf na Bob Kahn walichapisha makala iliyoweka msingi wa intaneti. Mwaka huohuo serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Mwaka 1981 mfumo wa anwani ukakamilishwa, wenye nafasi 4,294,967,296. Chuo cha MIT, Ford, Apple na Hewlett-Packard walipata kila mmoja fungu la anwani 16,777,216. Mafungu hayo manne yangempa anwani kila mmoja wa Watanzania 61,741,120 waliohesabiwa katika sensa ya 2022, na nyingine zingebaki.

Sidhani walikuwa na nia mbaya. Mtandao ulikuwa mdogo na nafasi zilionekana tele. Lakini AFRINIC, ofisi ya Afrika ya kugawa anwani, ilitambuliwa rasmi mwaka 2005. Mkongo wa SEACOM ulizinduliwa Dar es Salaam Julai 2009. Februari 2011 ghala kuu la dunia likaisha. Barabara ilitufikia viwanja vikiwa karibu vimekwisha.

NAT ilipendekezwa Mei 1994 kama suluhisho la muda mfupi. Bado tunaishi ndani yake, na imetupa nafasi ya aina moja: tunaweza kuita, hatuwezi kuitwa. Tunafungua kurasa za wengine, lakini za kwetu lazima tukazipangishe kwao.

Kwa sasa nimekodi mashine ndogo Ulaya yenye anwani ya hadharani. Seva yangu huiita kwanza, kisha inashikilia njia ikiwa wazi. Sauti ya bibi hutoka Kinyangiri, huenda Ulaya, ndipo hurudi Dar es Salaam. Inafanya kazi, na inalipiwa kwa dola kila mwezi. Dawa ya kudumu ipo tangu Desemba 1995: IPv6, yenye anwani za kumtosha kila mtu na kila mashine pepe. Inasubiri kampuni ziifungulie wateja.

Fungua mipangilio ya simu yako ukiwa kwenye data, utazame anwani yake. Ukikuta inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, jua kwamba na wewe umo humo ndani pamoja nami.