Mlango kwa Ndani

Mlango ni uso wa nyumba. Katika miji ya pwani, toka Lamu hata Unguja, nakshi za mlango zilimwambia mpitaji heshima ya mwenye nyumba kabla hajapiga hodi. Lakini kila mlango una nyuso mbili: wa nje hutazamwa na apitaye, wa ndani hutazamwa na akaaye. Leo, msomaji, tuutazame uso wa ndani, tena si wa nyumba bali wa motokaa kuukuu. Maana kibao kimoja cha mlango wa gari chaweza kutusimulia habari za mji.

Twende kwanza Majengo, mashariki ya jiji la Nairobi. Majengo ni sehemu ya Pumwani, mahali palipotengwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 pawe makao ya Waafrika. Kabla ya hapo watu walikaa katika vijiji walivyojijengea wenyewe, na vijiji hivyo vikabomolewa kimoja baada ya kingine. Pangani kiliendelea kuwapo hata mwaka 1939, ndipo kikamalizwa na wakazi wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Huko Majengo mtu alipewa kiwanja, si nyumba. Alisimamisha fito, akakandika udongo, akapanga vyumba kushoto na kulia kwa ukumbi wa katikati, kwa mtindo wa pwani. Ardhi haikuwa yake, na kutembea mjini kulitaka kipande. Kilichokuwa chake hasa ni ujuzi wa mikono, mali ambayo haibomolewi.

Katika siku hizo motokaa ilikuwa mali ya Mzungu na matajiri wachache. Mwafrika aliiosha, akaiendesha kwa mshahara, akaitengeneza ilipoharibika. Baada ya uhuru wa 1963, magari yaliyochakaa yalizidi kuwafikia watu wa kawaida. Mfano bora ni Peugeot 404, iliyoanza kuundwa Ufaransa mwaka 1960 na kushinda mashindano ya Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Gari lililosifiwa kwa mbio lilikuja pia kubeba abiria wa matatu, jina ambalo husemwa kuwa latokana na nauli ya mapeni matatu, yaani senti 30. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kufanya kazi bila leseni ya uchukuzi, na biashara hiyo ikaenea. Karibu na Majengo, huko Gikomba na Kamukunji, mafundi wa jua kali walifua chuma na kuunda upya vitu vilivyotupwa na wengine. Ufundi wa kuvika gari nguo mpya kwa ndani ni ndugu wa kazi hizo.

Tazama jinsi kazi yenyewe ifanyikavyo. Fundi hufungua mkono wa kuteremshia kioo na kitasa, kisha huchomoa vibanio polepole, kwa kuwa ubao wa zamani huvunjika upesi. Mara nyingi huukuta umevimba na kuoza upande wa chini. Kwa nini? Mvua hupenya kandokando ya kioo, huteremka ndani ya mlango na kutokea katika matundu madogo ya chini. Matundu yakiziba, au karatasi ya kuzuia maji ikipasuka, ubao hunywa maji. Basi fundi asiyesafisha matundu hayo hupamba uozo. Akisha kuyasafisha, huulaza ubao wa kale juu ya ubao mpya, akachora mpaka wake na kila tundu lake, akakata. Hutandika sponji nyembamba, akavuta ngozi bandia iliyokwisha kushonwa mistari, akakunja pindo na kuligandisha kwa gundi. Ubao uliooza ndio uliomfundisha umbo.

Hapo huzuka ubishi. Wako wasemao gari la kale lirudishwe kama lilivyotoka kiwandani, na kwamba rangi mpya ni kufuta historia. Wengine husema mwenye gari ana haki ya kulipamba apendavyo. Mimi naona wote wamesahau jambo moja. Historia ya gari haikukoma kiwandani. Mshono wa fundi aliyeokoa mlango ule nao ni historia. Ila mwenye kupamba asitupe ubao wa kwanza. Aandike nyuma yake mwaka ulipoondolewa, auweke pakavu, ili ajaye ajue pambo lilianzia wapi.

Shauri hilo halihusu magari tu. Nyumba za udongo za Majengo zimepungua, na maghorofa yamesimama mahali pa nyingi. Si kosa kujenga upya, kwa maana hakuna aombaye watu wakae katika nyumba inayovuja. Kosa ni kubomoa bila kuchora umbo la kilichokuwapo. Wewe mwanafunzi huna motokaa, lakini unao wazee. Waulize nyumba yao ya kwanza ilikuwa na vyumba vingapi, na mlango wake ulielekea wapi, kisha uandike. Huo ndio ubao wako wa kwanza.