Visima, Ngitili na Urari wa Malipo: Uhamisho Mali wa Kawaida katika Historia ya Bariadi na Simiyu

Historia ya misaada ya nje iliyoifikia Bariadi haiwezi kusomwa katika majedwali ya Benki Kuu pekee, kwa kuwa maana ya safu zenyewe imebadilika. Hadi 1993, mwongozo wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliweka misaada isiyorudishwa katika akaunti ya kawaida, iwe ya kununulia dawa au ya kujengea daraja. Toleo la tano, la mwaka huo, ndilo lililoutenga uhamisho mali wa mtaji na kuupeleka katika akaunti yake.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa maji. Kuanzia 1974 hadi 1978 Uholanzi iligharimia mradi wa visima vifupi katika Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulikuwa na Bariadi na Maswa ndani yake. Hiyo ilikuwa pia miaka ya Operesheni Vijiji, ambapo kaya za Wasukuma zilizozoea kuishi mbalimbali zilikusanywa mahali pamoja na mahitaji ya maji yakakusanyika nazo. Kwa kanuni za uhasibu, vifaa vilivyotoka nje viliandikwa mara mbili: upande mmoja kama bidhaa zilizoagizwa, upande wa pili kama uhamisho mali uliozilipia. Pampu ilifika kijijini, nchi ikaonekana imeagiza zaidi na kupewa zaidi, na hakuna hata senti moja ya fedha za kigeni iliyopita mikononi mwa mkulima wa pamba. Fedha za kigeni alizozileta yeye ziliandikwa kwingine, katika mauzo ya nje.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza 1986 na kuungwa mkono na Norwei, ni mgumu zaidi kuuainisha. Kiini chake kilikuwa kufufua ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa masika ili mifugo ipate nyasi za kiangazi. Mafunzo na ushauri ni uhamisho wa kawaida bila ubishi. Lakini miti iliyorudi ni rasilimali ya kudumu, na kwa maoni yangu hapa mpaka kati ya matumizi na mtaji ni wa karani kuliko wa mfugaji.

Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha, kupitia benki ya KfW ya Ujerumani, ruzuku ya zaidi ya yuro milioni 100 kwa mpango wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani Simiyu. Kwa kanuni za sasa, ruzuku ya kujengea miundombinu ya namna hiyo ni uhamisho wa mtaji. Mtafiti anayeunganisha majedwali ya zamani na mapya bila kuyapanga upya ataona uhamisho wa kawaida umepungua, ilhali kilichohama ni safu.

Kuna jambo moja zaidi. Wasukuma waliohamia Rukwa na bonde la Usangu na mifugo yao ni wakazi wa Tanzania. Chochote wanachowatumia ndugu zao Bariadi hakimo katika urari wa malipo, hata kingekuwa kikubwa kuliko ruzuku zote. Aidha, Simiyu ilipata kuwa mkoa mwaka 2012 tu, kwa hiyo kumbukumbu za visima vya Bariadi hutafutwa chini ya jina la Shinyanga.