Celeron 300A na kupandisha kasi ya prosesa

Celeron 300A ni prosesa ya kompyuta ya mezani iliyotolewa na Intel, kampuni ya Marekani, tarehe 24 Agosti 1998. Imeandikwa juu yake megahezi 300, lakini sifa yake imetokana na megahezi 450, kasi ambayo prosesa nyingi za aina hii ziliifikia mara tu mwenye kompyuta alipobadili mipangilio ya madabodi. Kazi hiyo ndiyo iitwayo kupandisha kasi. Mfano huu unathibitisha kuliko mwingine wowote wa zama zake kwamba kikomo cha kiwandani aghalabu ni mpaka wa bei, wala si mpaka wa uwezo wa chombo, na kwamba mwenye mali ana haki ya kuuvuka maadamu anajua anachokifanya.

Asili

Celeron za kwanza, za Aprili 1998, hazikuwa na kache (kumbukumbu ndogo ya haraka) ya ngazi ya pili hata kidogo, na zilidharauliwa. Katika 300A, Intel iliweka kache ya kilobaiti 128 ndani ya silikoni yenyewe, ikienda kwa kasi kamili ya prosesa. Pentium II ya megahezi 450, iliyotoka siku hiyo hiyo, ilikuwa na kilobaiti 512, ila kache hiyo ilikaa nje ya silikoni na kwenda kwa nusu ya kasi. Bei ya jumla ya Celeron ilikuwa dola 149. Ya Pentium II, dola 669.

Kufungua mipangilio

Kasi ya prosesa hupatikana kwa kuzidisha namba mbili: kasi ya njia ya data ya madabodi na kizidishi kilichomo ndani ya prosesa. Kwa 300A, megahezi 66 na ushei zilizidishwa mara 4.5. Intel ilikifunga kizidishi, hivyo mlango uliobaki wazi ulikuwa wa madabodi. Madabodi ya Abit BH6, yenye chipseti ya Intel 440BX, ilikuwa na ukurasa wa bayosi (programu ya msingi ya madabodi) ulioitwa SoftMenu. Humo mtumiaji alichagua 100 badala ya 66, akaongeza volti kidogo ikibidi, akahifadhi na kuwasha upya; 100 mara 4.5 ni 450. Hapakuwa na haja ya kufungua kasha wala kuhamisha jampa. Kwa madabodi zisizo na ukurasa huo lakini zinazokubali megahezi 100, mafundi walifunika mguso mmoja tu wa kadi ya prosesa, uitwao B21, kwa kipande cha utepe au tone la rangi ya kucha. Madabodi ilipokosa ishara ya mguso huo, iliichukulia prosesa kuwa ya megahezi 100. Mwaka 2000 kampuni ya AMD nayo ilifunga vizidishi vya prosesa zake za Athlon na Duron kwa kukata vidaraja vilivyo juu ya prosesa, navyo viliunganishwa tena kwa mstari wa penseli, kwa kuwa grafiti hupitisha umeme. Kama udhaifu wa silikoni ungekuwa ndio uliozuia kasi, rangi ya kucha na penseli zisingeondoa chochote. Kilichoondolewa kilikuwa amri tu.

Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza ni kwamba kufuli liliwekwa kuzuia matapeli waliofuta maandishi ya prosesa za bei ndogo na kuziuza kama za kasi kubwa. Ulaghai huo ulikuwapo kweli, na mnunuzi alistahili kulindwa. Lakini dhuluma iko katika kumficha mnunuzi. Mtu anayebadili chombo chake mwenyewe hamdhulumu yeyote. La pili ni joto, nalo lina uzito. Nguvu inayotumika hupanda sambamba na kasi, na hupanda kwa mraba wa volti. Kutoka 300 hadi 450, na kutoka volti 2.0 hadi 2.2, ni mara 1.5 kwa mara 1.21, yaani ongezeko la takribani asilimia 80. Kipozajoto na feni bora ni sharti, si pambo. La tatu ni makosa ya kimyakimya: kompyuta huwaka vizuri huku ikiharibu mafaili. Hapa ushahidi unashangaza, kwani hatua kubwa ilikuwa salama kuliko ndogo. Kwenye hatua ndogo ya megahezi 83 za madabodi, nafasi za kadi za ziada (PCI) zilisukumwa hadi takribani 41 badala ya 33 za kawaida, na diski zikapata taabu. Kwenye 100, madabodi iligawa kwa tatu, na PCI ikarudi 33. Kwa hiyo hatari kubwa ilikuwa kupandisha bila kujua hesabu. Hata hivyo si kila 300A ilifika 450, na aliyeshindwa kwenye majaribio ya saa kadhaa alipaswa kurudi nyuma bila ubishi.

Umuhimu wa sasa

Kuanzia prosesa za Intel za Core za kizazi cha pili za mwaka 2011, njia ya kupandisha kasi kwa madabodi ilibanwa sana, na kizidishi kilicho wazi kikauzwa kwa bei ya juu zaidi kwenye prosesa zenye herufi K. Haki ambayo mwaka 1998 ilipatikana bure imekuwa bidhaa. Mwenye kompyuta kuukuu aanze kwa kuondoa vumbi, kubadili grisi ya kupitisha joto na kupima joto la prosesa. Kisha apandishe hatua moja moja, akiwa na nakala ya mafaili yake pembeni. Kompyuta inayotunza hesabu za watu au kumbukumbu za wagonjwa iachwe kama ilivyo.