Tiba ya mazungumzo: kutoka Vienna hadi vijiji vya Rakai

Mwishoni mwa mwaka 1880, mjini Vienna, daktari Josef Breuer aliitwa kumwona msichana wa miaka 21 aliyekuwa akimuuguza baba yake. Alikohoa bila kukoma, mkono wa kulia ukapooza, na ikafika siku akashindwa kusema Kijerumani, lugha yake ya kuzaliwa, akawa anajibu kwa Kiingereza tu. Breuer aligundua kwamba jioni akiachwa aeleze yanayomsonga, hutulia. Msichana huyo, Bertha Pappenheim, ndiye aliyeyaita mazungumzo yale tiba.

Breuer na Sigmund Freud walikichapisha kisa hicho mwaka 1895, wakificha jina lake na kukieleza kama cha mafanikio. Kumbe mwaka 1882 msichana alikuwa amelazwa Kreuzlingen, Uswisi, bado mgonjwa. Alisimama imara miaka mingi baadaye, akawa mtetezi mashuhuri wa wanawake wa Kiyahudi. Tiba hii, basi, ilizaliwa na ahadi kubwa kuliko ushahidi wake.

Freud aliiendeleza: mgonjwa alale kwenye kochi, daktari akae nyuma yake, siku sita kwa wiki, kwa miezi na hata miaka. Ni wachache walioimudu.

Waliofuata walitafuta njia fupi. Joseph Wolpe wa Afrika Kusini, aliyewahudumia askari walioathirika akili katika Vita vya Pili vya Dunia, aliona dawa za kuwafanya wasimulie haziwaponyi. Akabuni njia ya kumfundisha mgonjwa kulegeza mwili, kisha kumsogeza hatua kwa hatua kwenye kile anachokiogopa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1958. Miaka ya 1960, huko Philadelphia, Aaron Beck aliwasikiliza wagonjwa wa sonona akabaini kwamba kuna mawazo yanayowajia ghafla: sifai, hakuna anayenijali. Badala ya kuchimbua utoto wao, akawauliza: ushahidi wa wazo hilo uko wapi?

Miaka ya 1970, Wamarekani Gerald Klerman na Myrna Weissman waliunda njia nyingine, inayotazama yaliyomkuta mtu kati yake na wenzake: msiba, ugomvi, mabadiliko makubwa ya maisha, upweke. Hiyo ndiyo iliyofika kwetu. Mwaka 2002 ilijaribiwa katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda, eneo lililoumizwa vibaya na UKIMWI. Walioongoza vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji waliofunzwa kwa wiki mbili. Wanawake walikutana peke yao, wanaume peke yao, dakika 90 kila wiki, kwa wiki 16. Kabla ya kuanza, 86 kati ya kila 100 waliopata tiba walikuwa na sonona kali. Mwishoni walibaki wasiozidi 7. Katika vile kati ya vijiji hivyo vilivyoachwa bila tiba ili kulinganisha, zaidi ya nusu walikuwa bado wanaumwa.

Kwangu mimi, katika historia yote hii, hakuna sura yenye uzito kuliko hiyo ya Rakai, kwa sababu safari hii ushahidi ulikuwepo. Zimbabwe nayo tangu mwaka 2006 imewafunza akina bibi kuwasikiliza wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Sisi tunao wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba kuhimiza chanjo na kuwafuatilia wajawazito. Wizara zetu za afya ziwafundishe na kazi hii pia, na ziitengee fungu katika bajeti.